Mfalme Albert wa Kwanza: sarafu, timbri na jani lenye damu

Ukifungua sanduku la zamani la mzee wa Butembo au Beni, chini ya kadi za ubatizo na vitambulisho vya siku nyingi, unaweza kukuta sarafu kubwa yenye rangi ya fedha. Upande mmoja kuna mti wa mchikichi. Upande wa pili kuna kichwa cha mwanaume aliyevikwa taji la majani, na maandishi yanayosema kwamba huyo ni Albert, mfalme wa Wabelgiji. Ni franga moja ya Kongo ya Wabelgiji, iliyotengenezwa katika miaka ya 1920.

Watoto wengi hawajui tena huyo ni nani. Wengine wanamchanganya na Leopold wa Pili. Wengine wanafikiri Ziwa Albert, kule Ituri, lilipewa jina lake. Sivyo. Ziwa lile liliitwa hivyo mwaka 1864 na Mwingereza Samuel Baker, kwa kumkumbuka mume wa malkia Victoria wa Uingereza. Wakati huo Albert wetu wa kwenye sarafu alikuwa hajazaliwa. Lakini mtu huyu aliacha alama kubwa zaidi kwetu kuliko jina la ziwa: aliacha parki, ile tunayoiita leo Virunga, ambayo inagusa mashamba ya Beni na Lubero mpaka leo.

Albert alizaliwa Brussels tarehe 8 Aprili 1875. Hakuzaliwa ili awe mfalme. Baba yake, Philippe, alikuwa ndugu mdogo wa Leopold wa Pili, na Albert mwenyewe alikuwa na kaka mkubwa, Baudouin. Lakini mtoto pekee wa kiume wa Leopold alikufa akiwa mdogo, Baudouin akafa mwaka 1891, na baba yao akafa mwaka 1905. Ndivyo kijana huyo mrefu, mwenye haya, aliyependa vitabu, mashine na kupanda milima, alivyobaki peke yake kwenye njia ya kiti cha ufalme. Mwaka 1900 alimuoa Elisabeth wa Bavaria, ambaye wakaaji wa Lubumbashi ya zamani walilijua jina lake vizuri, kwa sababu mji wao uliitwa Elisabethville. Walizaa watoto watatu.

Mwezi wa Novemba 1908 Kongo ilitoka mikononi mwa Leopold, aliyeitawala kama shamba lake binafsi, ikawa koloni la nchi ya Ubelgiji. Dunia nzima ilikuwa imesikia habari za mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa kwa sababu ya mpira. Mwaka uliofuata Albert, akiwa bado mrithi tu, alisafiri kwenda kujionea mwenyewe. Aliingia kwa njia ya Katanga, akavuka nchi kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mashua, mpaka upande wa bahari, magharibi. Aliporudi Ulaya alitaka watu wa Kongo walindwe zaidi na reli zijengwe. Leopold alikufa mwezi wa Desemba mwaka uleule wa 1909, na siku chache baadaye, tarehe 23, Albert akaapishwa.

Wabelgiji wanamkumbuka hasa kwa vita vya 1914 mpaka 1918. Ujerumani ilipoivamia nchi yake, alikataa kukimbilia ugenini. Alibaki na jeshi lake kwenye kipande kidogo cha ardhi nyuma ya mto Yser kwa miaka minne. Picha zake akiwa amevaa kofia ya chuma zilichapishwa kwenye kadi za posta, sahani, visanduku na medali, zikauzwa kila pahali. Mpaka leo wakusanyaji wa vitu vya zamani huko Ulaya wanazitafuta.

Lakini vita hivyo vilikuwa vyetu pia. Askari wa Force Publique, wengi wao Wakongomani, walivuka mpaka wa mashariki na kuingia Tabora mwezi wa Septemba 1916. Nyuma yao walikwenda wapagazi wengi sana, wakibeba vyakula na risasi kichwani, na wengi hawakurudi nyumbani. Nyuso za hao wapagazi hazikuwekwa kwenye sahani.

Mwaka 1921 jina la mfalme huyu lilikutana na jina la Simon Kimbangu. Mahakama ya kijeshi ilikuwa imemhukumu Kimbangu kifo. Albert aliibadilisha hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu akaishi, lakini alikaa gerezani miaka thelathini, akafia Elisabethville mwaka 1951, miaka mingi baada ya mfalme mwenyewe kufa. Ndiyo maana ni vigumu kumweka Albert katika neno moja. Hakuwa Leopold. Lakini utawala uliofanya kazi kwa jina lake uliendelea kulazimisha watu kulima, kubeba na kulipa kodi, na hakuna aliyewauliza kama wanautaka.

Habari ya parki inaanzia Marekani. Mwaka 1919, baada ya vita, Albert na Elisabeth walitembelea nchi hiyo, na huko mfalme aliona mbuga za taifa: ardhi kubwa iliyowekwa kando, isilimwe wala isiwindwe, watu waje kuitazama tu. Wazo hilo lilimwingia moyoni. Miaka miwili baadaye Mmarekani Carl Akeley alifika kwenye mlima Mikeno, karibu na Rutshuru, akapiga sokwe watano kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Alipokwisha kuwaua, aliona kwamba wengine wakiendelea kufanya kama yeye, sokwe hao wataisha. Akaanza kuomba wakubwa wa Ubelgiji wawalinde. Tarehe 21 Aprili 1925 mfalme alitia sahihi amri ya kuanzisha Parc National Albert, mbuga ya taifa ya kwanza barani Afrika. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akaugua, akafa kwenye mlima uleule. Alizikwa hukohuko.

Mwanzoni parki ilikuwa ndogo, kuzunguka volkeno tu. Ilipanuliwa mwaka 1929, kisha katika miaka ya 1930 ikafika mpaka bonde la Semliki na theluji ya Rwenzori. Hapo ndipo ilipoingia katika maisha ya watu wa Beni. Wakati huohuo ugonjwa wa malale ulikuwa ukiua watu kando ya Semliki, na serikali ikawahamisha wakaaji. Ugonjwa ulipopungua, ardhi yao ilikuwa ndani ya mipaka ya parki. Wajukuu wao bado wanazungumza juu ya mipaka hiyo, na si kwa maneno ya kupita tu: watu wanahitaji mashamba, wanyama na misitu wanahitaji ulinzi, na katikati yao wameingia watu wenye bunduki.

Albert mwenyewe alirudi Kongo mwaka 1928 pamoja na malkia, wakati wa kufunguliwa kwa reli ya kutoka Katanga kwenda Kasai. Alirudi tena mwaka 1932, safari hiyo akafika Kivu. Mwaka huohuo kundi la Wabelgiji likiongozwa na Xavier de Grunne lilipanda Rwenzori kutoka upande wetu, na mojawapo ya vilele vya huko juu vinaitwa Albert mpaka leo.

Milima ndiyo iliyomuua. Tarehe 17 Februari 1934, akiwa na umri wa miaka 58, alikwenda kupanda miamba ya Marche-les-Dames, karibu na mji wa Namur. Alikuwa peke yake alipopanda. Hakurudi. Walimtafuta usiku kwa taa, wakaukuta mwili wake chini ya mwamba, kichwa kimevunjika. Mfalme aliyeokoka miaka minne ya vita alikufa kwa kuanguka siku ya mapumziko. Watu wengi hawakuamini. Uvumi ukaenea kwamba aliuawa pahali pengine, kisha mwili ukaletwa pale.

Siku zile wananchi walimiminika kwenye mwamba huo. Baadhi yao waliokota majani ya miti yaliyokuwa na matone ya damu, wakaenda kuyahifadhi nyumbani kama ukumbusho. Ilionekana kama kazi ya bure. Lakini miaka 80 baadaye mwandishi mmoja wa habari alinunua majani hayo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leuven wakaipima damu. Mwaka 2016 walitangaza matokeo: ililingana na damu ya watu wa ukoo wa mfalme. Damu yake ilimwagika palepale kwenye mwamba, na hadithi ya mwili ulioletwa kutoka pengine ikapoteza nguvu. Jani kavu lililowekwa na mtu asiye na cheo lilisaidia kujibu swali ambalo maneno yalishindwa kulimaliza.

Baada ya kifo chake, posta ya Kongo ilitoa timbri nyeusi ya maombolezo yenye picha yake, ya franga moja na nusu. Mwaka 1938, wakati mkutano wa kimataifa wa utalii ulipofanyika Costermansville, yaani Bukavu, zilitoka timbri nyingine sita za kutangaza mbuga za taifa. Zinaonyesha mlima Karisimbi, mito Rutshuru, Molindi na Suza, mianzi, na msitu wa Mitumba. Ni nzuri sana, na wakusanyaji wanazipenda. Baadaye, mwaka 1949, kikatoka kitabu kinene cha kuwaongoza wasafiri wa Kongo na Ruanda-Urundi, chenye ramani, hoteli na barabara. Pamoja na kadi za posta na magazeti ya wakati huo, hivyo ndivyo vitu vinavyonunuliwa na kuuzwa leo Brussels na Paris na watu wanaokusanya kumbukumbu za parki yetu.

Viangalie vizuri vitu hivyo. Timbri sita, na zote ni mlima, mto, mianzi na msitu. Hakuna hata moja iliyopewa jina la kijiji. Mtu wa Ulaya aliyepokea barua yenye timbri hiyo angeweza kufikiri kwamba nchi hii haikuwa na wenyewe. Kitu cha ukumbusho kinasema kweli, lakini kinasema kweli ya yule aliyekitengeneza. Mzee aliyehamishwa kutoka Semliki hakupewa timbri wala tiketi, wala hakuna aliyempiga picha akifunga mizigo.

Kuna kitu kingine kilichotoka ndani ya parki hiyo. Mwaka 1950, kule Ishango, pahali Semliki inapotoka katika Ziwa Edward, si mbali na Kyavinyonge, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye mistari iliyokatwa kwa mpangilio. Wataalamu wanaukadiria kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi, na wengi wanaona ndani yake dalili za kuhesabu. Umewekwa katika jumba la makumbusho la sayansi ya asili huko Brussels. Mtoto wa Beni anausoma kwenye kitabu tu. Ili auone kwa macho inabidi apande ndege.

Baada ya uhuru majina yalibadilika. Albertville ikawa Kalemie. Mwaka 1969 Parc National Albert ikapewa jina la Virunga, na mwaka 1979 UNESCO ikaiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu 1994 iko pia katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mfalme amebaki kwenye sarafu za masandukuni.

Na masanduku yenyewe yanapungua. Miaka hii ya vita katika teritware za Beni na Lubero, familia nyingi zimekimbia usiku na kuacha kila kitu. Anayepata dakika mbili anachukua watoto, kitambulisho na diploma. Picha ya harusi ya babu, kadi ya kazi ya zamani ya migodini au mashambani, risiti ya kodi ya wakati wa Wabelgiji, vyote vinabaki na kuungua pamoja na nyumba. Karatasi za namna hiyo ndizo zingeweza kuonyesha ni nani alikaa wapi, alilima nini, na alitoka lini.

Kwa hiyo, kama bado una sanduku hilo, lifungue. Muulize mzee angali hai: huyu kwenye picha ni nani, ilikuwa mwaka gani, kijiji gani? Andika jibu nyuma kwa kalamu ya risasi. Piga picha kwa simu, umtumie ndugu aliye mji mwingine, ili ikipotea hapa ibaki kule. Na mnunuzi akija kutafuta sarafu na timbri za zamani, kabla ya kumuuzia msimulie watoto habari za mtu mwenye taji la majani, parki aliyoianzisha, na watu waliokuwa wakikaa humo kabla haijapewa jina lake.