Mpira wa Kégresse na Chuma cha Kifaru

Adolphe Kégresse alizaliwa mwaka 1879 huko Héricourt, mashariki ya Ufaransa. Mwaka 1905 alihamia Urusi, na baadaye akakabidhiwa magari ya Mfalme Nicholas II. Magari yale yalizama katika theluji. Kégresse akaondoa magurudumu ya nyuma, akafunga mahali pake ukanda mpana wenye kuzunguka. Mapinduzi ya 1917 yakamrudisha kwao.

Huko alishirikiana na André Citroën. Ukanda wake, sasa wa mpira ulioimarishwa kwa turubai, ulikuwa mwepesi, wala haukuchimba barabara kama mnyororo wa chuma. Desemba 1922 magari matano ya namna hiyo yaliondoka Touggourt, Algeria, yakavuka Sahara na kufika Timbuktu Januari 1923. Msafara mwingine, wa 1924 hadi 1925, uligawanyika mara nne ulipofika Kampala. Kundi moja likateremkia Mombasa, jingine Dar es Salaam, yote yakielekea Madagascar.

Wanajeshi nao wakautamani. Kifaru chepesi cha Renault FT, masalio ya Vita Kuu ya Kwanza, hakikuzidi mwendo wa kilomita 8 hivi kwa saa. Kilipofungwa ukanda wa Kégresse kilikwenda kasi zaidi. Lakini uzito wa kifaru si uzito wa gari, na mpira wa siku zile haukuustahimili. Jeshi la Ufaransa likabaki na chuma kwa vifaru vyake, na mpira likauachia magari mepesi. Marekani iliyanunua magari hayo, ikayajaribu, kisha ikaunda ukanda wake wa mpira wenye nyaya za chuma ndani, uliotumika sana katika Vita Kuu ya Pili. Kégresse alifariki mwaka 1943, nchi yake ikiwa mikononi mwa Wajerumani.

Sisi wa visiwani, ambao mashine zetu nyingi hufika kwa meli, tuna la kujifunza hapa. Kilichofaa thelujini kilifaa mchangani kwa sababu kilijaribiwa mchangani. Na kilipotwishwa kifaru, kilishindwa. Kwa hiyo twawaomba wakuu wenye dhamana ya ununuzi wasitosheke na sifa za muuzaji. Mashine ijaribiwe kwanza katika udongo wetu na chumvi yetu, mbele ya mafundi wetu, nao wapewe ruhusa ya kuigeuza. Fedha inayolipwa ni ya umma, na majuto ni mjukuu.