BI ASMAA NA ZUBEIR: NYUMBA MASKINI ILIYOMPOKEA MTOTO WA KWANZA WA HIJRA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mliooa karibuni. Ijumaa hii tunasimulia maisha ya Bi Asmaa binti Abubakar (r.a.). Wengi wetu tunamjua kwa lakabu yake, Mwenye Mishipi Miwili. Ni wachache tunaomkumbuka kama mke kijana aliyeolewa na mtu asiye na mali, akazaa mtoto wake wa kwanza ugenini, akabeba kazi ya nyumba nzima kichwani mwake. Tumemchagua kwa sababu katika vilima vyetu vya Mumosho ziko nyumba changa zinazomngoja mtoto wa kwanza kwa hofu tatu: hofu ya umaskini, hofu ya maneno ya watu, na hofu ya kazi kumlemea mama. Nyumba ya Bi Asmaa ilizijua hofu zote tatu.

NDOA YAO

Bi Asmaa alizaliwa Makka, miaka mingi kabla ya Utume. Alikuwa binti ya Abubakar Swiddiq na dada mkubwa wa Bi Aisha. Alisilimu mapema sana. Mume wake, Zubeir bin Awwam, alikuwa mtoto wa Bi Swafiya, shangazi yake Mtume (s.a.w.). Naye alisilimu akingali kijana mdogo, na ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo.

Heshima hiyo yote haikuja na mali. Bi Asmaa mwenyewe alisimulia kwamba alipoolewa, Zubeir hakuwa na shamba, hakuwa na mtumishi, hakuwa na kitu isipokuwa farasi wake na ngamia wa kuchotea maji. Abubakar alikuwa mfanyabiashara anayejulikana Makka nzima, lakini hakumzuia binti yake kwa sababu ya umaskini wa kijana. Aliangalia dini na tabia.

MIMBA NA SAFARI

Ilipofika mwaka 622, Mtume (s.a.w.) na Abubakar walitoka Makka kwa siri. Bi Asmaa alikuwa na mimba. Yeye ndiye aliyesaidia kuandaa chakula cha safari, na ilipokosekana kamba ya kufungia, akaupasua mshipi wake vipande viwili. Hapo ndipo lilipotoka jina lake. Wanahistoria wanataja kwamba Abu Jahl alikuja kumuuliza baba yake yuko wapi; alipokataa kusema, akampiga kofi hata hereni ikaanguka. Akastahimili.

Zubeir wakati huo alikuwa katika msafara wa wafanyabiashara waliokuwa wanarudi kutoka Sham. Alikutana na Mtume (s.a.w.) na Abubakar njiani, akawavika nguo nyeupe. Basi kijana yule alikuwa mbali akitafuta riziki, na mke wake mjamzito alikuwa nyumbani na mtihani wake. Vijana wetu wanaokwenda kwenye machimbo ya dhahabu na kuwaacha wake zao na mimba wanaielewa hali hii.

Baadaye Bi Asmaa naye akahama. Kutoka Makka hadi Madina ni zaidi ya kilomita 400 za jangwa na mawe, naye alitoka mimba ikiwa imetimia. Alipofika Kubaa, kando ya Madina, uchungu ukamshika, akajifungua mtoto wa kiume.

FURAHA YA MADINA

Hapa pana jambo la kuzingatia. Siku zile uvumi ulikuwa umeenea Madina kwamba Muhajirina, yaani wale waliohama kutoka Makka, wamerogwa na hawatapata mtoto tena. Maneno hayo yaliwatia huzuni Waislamu. Alipozaliwa mtoto wa Bi Asmaa, wa kwanza kwa Muhajirina pale Madina, watu walipiga takbira kwa furaha. Mtoto mmoja, kwa idhini ya Mola wake, aliuvunja uongo wa mji mzima.

Bi Asmaa akamchukua mtoto hadi kwa Mtume (s.a.w.), akamweka mapajani pake. Mtume akaomba tende. Bi Aisha alisimulia kwamba waliitafuta kwa muda kabla ya kuipata, maana nyumba zile hazikuwa na akiba. Mtume akaitafuna, akamtia mtoto kidogo kinywani. Mate ya Mtume ndiyo yaliyotangulia kuingia tumboni mwake. Kisha akampangusa kwa mkono wake, akamwombea baraka na kumpa jina la Abdallah.

Angalieni, ndugu zangu, sherehe ilikuwa na nini: tende moja iliyotafutwa, dua, na jina zuri. Hakuna aliyekopa franga za karamu.

MZIGO WA KOKWA ZA TENDE

Furaha ya kuzaa hupita, kazi hubaki. Katika miaka ile ya mwanzo Madina, Bi Asmaa alimlisha farasi, alichota maji, alishona ndoo ya ngozi ilipotoboka, alikanda unga. Kuoka mkate hakukujua vizuri, na majirani zake wanawake wa Kianswari walimwokea. Yeye mwenyewe aliwasifu kwa ukweli wao.

Zubeir alipopewa kipande cha ardhi, Bi Asmaa akawa anakwenda huko kuokota kokwa za tende za kulisha mnyama, akizibeba kichwani mwendo wa kilomita 3 na nusu hivi. Siku moja alikutana njiani na Mtume (s.a.w.) pamoja na watu wa Kianswari. Mtume akampigisha ngamia magoti ili ampakie nyuma yake. Bi Asmaa akaona haya kwenda pamoja na wanaume, akaukumbuka na wivu wa mume wake. Mtume akatambua, akaenda zake. Alipofika nyumbani alimweleza Zubeir. Zubeir akamwambia kwamba kumwona akibeba kokwa zile kunamuuma zaidi kuliko kama angepanda pamoja na Mtume. Baada ya hapo Abubakar alimpelekea binti yake mtumishi wa kumtunza farasi, na Bi Asmaa akahisi kama mtu aliyeachwa huru.

Ndugu zangu, mama zetu wanapanda vilima hivi na mihogo, makala na mitungi ya maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na wengine tumbo limefika miezi minane. Mtume wa Mwenyezi Mungu alipomwona mwanamke mmoja na mzigo alimsimamisha ngamia. Sisi tunapita tukiwa mikono mitupu na kutoa salamu tu.

MWISHO WAO

Historia haifichi kitu. Zubeir alikuwa shujaa, lakini pia mtu wa wivu na ukali nyumbani. Walizaa watoto kadhaa, na mwishowe waliachana. Zubeir aliuawa mwaka wa 36 Hijria (656) baada ya kujitoa katika Vita vya Ngamia. Lakini malezi hayakupotea. Urwa, mtoto wao mwingine, alikuwa mmoja wa wanachuoni wakubwa saba wa Madina. Abdallah naye, alipokuwa na miaka saba au minane, baba yake alimpeleka kumpa Mtume kiapo cha utii, na Mtume akatabasamu alipomwona anakuja.

Abdallah huyo alikuja kutawala Makka. Mwaka wa 73 Hijria (692) jeshi la Hajjaj lilimzingira. Alikwenda kwa mama yake kutaka shauri. Bi Asmaa alikuwa karibu na miaka 100, amepofuka. Akamwambia kama anajua yuko kwenye haki, basi asimame juu yake. Abdallah akauawa, na askari wakapiga takbira. Imepokewa kwamba Ibn Omar alipozisikia alisema kuwa wale waliopiga takbira siku alipozaliwa walikuwa bora kuliko hawa wanaozipiga siku ya kuuawa kwake. Siku chache baadaye Bi Asmaa naye akafariki. Mwenyezi Mungu awe radhi nao.

MAFUNZO

1. Baba kijana, mpunguzie mkeo mzigo. Zubeir aliumia moyoni, lakini aliyeleta msaada ni mkwe wake. Wewe usingoje mkwe. Chukua mtungi, pasua kuni, mpeleke mkeo kliniki mapema, na pesa ya maternite itengwe tangu mimba ingali changa.

2. Mimba ikichelewa, tusimtupie bibi wala mama mkwe maneno ya uchawi. Uvumi wa Madina ulikuwa uongo, na mara nyingi wa kwetu pia ni uongo, tena huvunja nyumba na kumwaga damu.

3. Majirani na wakwe, fanyeni kama wanawake wa Kianswari na kama Abubakar. Mzazi akirudi nyumbani, mpikieni, mchotee maji, mfulie. Maneno ya kumcheka kwa asichokijua yaacheni.

4. Mpokeeni mtoto kwa sunna na kwa uwezo wenu. Mpeni jina zuri. Tahniki iwe kidogo sana na kwa mkono safi, na mama amnyonyeshe mapema maziwa yake ya kwanza, maana wauguzi wanahimiza iwe ndani ya saa moja. Akika ni mbuzi wawili kwa wa kiume na mmoja kwa wa kike, kwa mwenye uwezo. Asiyeweza hana dhambi, na asikope kwa kuogopa macho ya watu.

Ewe Mola wetu, wajalie vijana wetu kizazi chema, waponye mama zetu katika uzazi wao, na ufanye nyumba zetu ziwe na huruma hata zikikosa mali. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.