Patrice Lumumba: namna alivyokusanya watu

Ndugu wanachama na marafiki wenye kutusaidia, mara hii tunakumbuka mtu mwenye kila mtoto wa Kongo anajua jina lake. Wengi wanamjua kama Waziri Mkuu wa kwanza. Lakini mbele ya siasa, alikuwa kiongozi wa vyama vidogo kama hiki chetu.

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 ku Onalua, mu Sankuru. Huko Stanleyville (leo Kisangani) alikuwa karani wa posta. Ni pale alijifunza kuongoza mikutano, kwa chama cha wafanyakazi wa posta na kwa chama cha wasomi.

Mwaka wa 1956 alikamatwa juu ya franga za posta, akafungwa zaidi ya mwaka moja. Hatufichi jambo hilo: kwa chama chochote, sanduku ndilo linapima imani ya watu.

Alipotoka, alienda Léopoldville kuuza bia ya Polar. Ile kazi ilimpitisha mu mabaa na mitaa, watu wakamjua. Oktoba 1958, yeye na wenzake wakaanzisha MNC. Vyama vingi vya wakati ule vilikuwa vya kabila moja. MNC ilifungulia kabila zote mlango. Lumumba mwenyewe alikuwa Mtetela, lakini alisema Kiswahili na Kilingala pia. Desemba alienda mkutano wa Accra. Aliporudi, hakukalia habari: tarehe 28 aliita watu, akawapa ripoti mbele ya maelfu.

Mu 1959 chama kikagawanyika, naye akafungwa tena. Lakini matawi hayakulala, zaidi yale ya Stanleyville. Mei 1960 MNC yake ilipata viti 33 juu ya 137, kupita chama kingine chochote. Hata hivyo haikutosha. Ilibidi kuungana na wengine ili kufanya serikali.

Aliuawa mu Katanga tarehe 17 Januari 1961. Jino lake, ndilo tu lililobaki, lilirudishwa kutoka Ubeleji mu Juni 2022. Sisi tuliotoka ukimbizini tunajua uzito wa kurudi nyumbani.

Basi, ndugu, tusijifungie sisi warudishwa peke yetu. Jirani aliyebaki kijijini wakati wa vita naye aingie, alipe mchango kama sisi. Na kila franga ya sanduku isomwe mbele ya wote, hata ile ya wafadhili.