Alfred Mosher Butts: Mtu Aliyezihesabu Herufi

Mtu anayefungua kamusi kwa kawaida anaijua herufi ya kwanza ya neno analolitafuta. Mchezaji wa michezo ya maneno hana bahati hiyo. Ana herufi saba mbele yake, huenda mojawapo ni Q, na anachotaka kujua ni maneno gani ya Kiingereza yanayoibeba herufi hiyo, iwe mwanzoni, katikati au mwishoni. Aliyelifanya swali hilo kuwa la kawaida katika mamilioni ya nyumba hakuwa mwanaisimu wala mtunga kamusi. Alikuwa msanifu majengo aliyepoteza ajira.

Alfred Mosher Butts alizaliwa tarehe 13 Aprili 1899 huko Poughkeepsie, katika jimbo la New York, Marekani. Alisomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuhitimu mwaka 1924. Alimwoa Nina Ostrander, mwanamke aliyekuwa amewahi kuwa mwalimu wake, wakaishi Jackson Heights, mtaa wa Queens katika jiji la New York. Mdororo Mkuu wa Uchumi ulipoikumba Marekani, ujenzi ulisimama, na mwaka 1931 Butts akajikuta hana kazi.

Katika siku hizo za uhitaji alianza kuichunguza michezo kama mtu achunguzavyo somo. Aliigawa katika makundi matatu: michezo ya kusogeza kete ubaoni, kama sataranji; michezo ya namba, kama dadu na karata; na michezo ya herufi. Aliona kwamba kundi la tatu lilikuwa maskini kuliko mengine, kwa kuwa halikuwa na mfumo mzuri wa kuhesabu alama. Akakusudia kubuni mchezo ambao ndani yake bahati na ujuzi vingekwenda sambamba.

Hapo ndipo lilipozuka swali la kiisimu. Kama kila herufi ingetolewa kwa idadi sawa, wachezaji wangeelemewa na Q, X na Z nyingi, na kupata neno lingekuwa mateso. Ilimpasa kujua uzito halisi wa kila herufi katika lugha ya Kiingereza. Butts aliifahamu hadithi ya Edgar Allan Poe, The Gold-Bug, ambamo ujumbe wa siri unafumbuliwa kwa kuangalia ni alama zipi zinazojirudia zaidi. Alichukua magazeti, ukiwemo ukurasa wa mbele wa The New York Times, akazihesabu herufi kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Matokeo ya kazi hiyo yangali yanaonekana katika seti ya kete 100 za Kiingereza. E ina kete 12, na kila moja ina thamani ya alama 1. A na I zina kete 9 kila moja. Q na Z zina kete moja moja, kila kete ikiwa na alama 10. J na X, moja moja pia, zina alama 8. Kete mbili hazina herufi. Hata hivyo, seti hiyo si nakala ya gazeti. Butts aliipunguza S kwa makusudi hadi kete 4, kwa sababu wingi wa nomino nyingi za Kiingereza hupatikana kwa kuongeza S mwishoni, na mchezo ungekuwa rahisi mno. Vilevile H, inayojirudia sana katika maandishi kwa sababu ya maneno madogo kama “the” na “that”, ina kete 2 tu.

Mchezo wake wa kwanza uliitwa Lexiko, nao haukuwa na ubao. Mwaka 1938, akichochewa na mafumbo ya maneno ya magazetini, aliongeza ubao wa miraba 225 na kuuita Criss-Crosswords. Aliunda seti nyumbani kwa mikono yake na kuwauzia marafiki na jamaa. Makampuni makubwa ya michezo yaliukataa, naye alikuwa amekwisharejea katika kazi ya usanifu. Cha ajabu ni kwamba, kwa kukiri kwake mwenyewe, hakuwa hodari wa tahajia. Nina ndiye aliyekuwa akimshinda, na inakumbukwa kwamba aliwahi kuliweka ubaoni neno “quixotic”, lenye Q na X kwa pamoja.

Mwaka 1948 James Brunot alichukua haki za kuutengeneza mchezo huo, kwa makubaliano kwamba Butts angelipwa kiasi kidogo kwa kila seti itakayouzwa. Brunot alirahisisha kanuni, akapanga upya miraba ya nyongeza na kuupa jina la Scrabble. Mwaka 1949 alitengeneza seti 2,400 na kupata hasara ya dola 450. Mambo yaligeuka mwaka 1952, maagizo yalipoanza kumiminika. Kufikia mwaka 1954 karibu seti milioni nne ziliuzwa ndani ya mwaka mmoja. Brunot hakuigusa hesabu ya herufi. Butts hakuwa tajiri mkubwa, bali aliendelea na taaluma yake hadi uzeeni.

Alifariki tarehe 4 Aprili 1993, akiwa na umri wa miaka 93. Huko Jackson Heights, kibao kimoja cha barabara kiliandikwa kwa heshima yake, kila herufi ya jina la barabara ikifuatwa na thamani yake katika mchezo.

Maisha haya yana fundisho kwa mwanafunzi, mwalimu na mfasiri wa Kiswahili: uzito wa herufi ni mali ya lugha, si ya alfabeti. Kete za Butts zingetuangusha. Q na X hazina kazi katika tahajia yetu sanifu, na C haisimami bila H. K, ambayo katika seti ya Kiingereza ni kete moja yenye alama 5, kwetu imejaa tele katika “kwa”, “katika”, “kitu” na “kula”. S haileti wingi. “Kiti” huwa “viti”, na badiliko liko mwanzoni mwa neno. Atakaye kujua thamani ya herufi zetu hana budi kufanya alichofanya msanifu yule: achukue ukurasa wa gazeti la Kiswahili, kalamu na karatasi, kisha ahesabu.