Mark Morris, daktari aliyetibu mbwa kwa chakula

DAKTARI wa wanyama Mark Morris alifungua mwaka 1928, jimboni New Jersey, Marekani, mojawapo ya hospitali za kwanza za wanyama wadogo pekee.

Mwaka 1939 alipelekewa Buddy, mbwa aliyekuwa akimwongoza kipofu Morris Frank, akiugua figo. Kwa Frank, kumpoteza Buddy kulikuwa sawa na kupofuka upya. Morris alimwandalia chakula maalumu cha kuzipunguzia figo mzigo, naye akapata nafuu.

Awali chakula hicho kilifungashwa katika chupa zilizovunjika njiani. Mwaka 1948 kiwanda cha Hill mjini Topeka, Kansas, kilianza kukisindika katika makopo, kikitolewa kupitia madaktari wa wanyama. Mwaka huohuo Morris alianzisha mfuko wa utafiti wa magonjwa ya wanyama.

Colgate-Palmolive iliinunua Hill's mwaka 1976. Morris alifariki dunia mwaka 1993.