TUMKUMBUKE JAJI BENEDICTO KIWANUKA



Kiwanuka alizaliwa 1922. Alikuwa askari, akasomea sheria London, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda 1962, halafu Jaji Mkuu wakati wa Idi Amin. Septemba 1972 aliamuru Mwingereza aliyefungwa na jeshi kinyume cha sheria aachiwe. Tarehe 21 alikamatwa mahakamani kwake. Maiti yake haikuonekana. Wengine walipotelea Naguru, kwenye kikosi cha polisi. Amin alikufa uhamishoni 2003 bila kushitakiwa. Mkataba wa Roma wa 1998 unahesabu kupoteza raia kwa wingi kuwa jinai dhidi ya ubinadamu, lakini mahakama yake haigusi yaliyotendeka kabla ya Julai 2002. Basi sisi tuliopotelewa na ndugu tuandike majina, tarehe na mahali, ushahidi usife pamoja na mashahidi.