William Booth: Kijana wa Duka la Rehani

Soma: Luka 14:15-24 na Luka 15

Mwezi huu wa uinjilisti mchungaji wetu mkuu ametuhubiria ile karamu ambayo walioalikwa walitoa visingizio, na yule mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akaenda kumtafuta mmoja. Mimi nimeombwa niandike habari za mtu aliyejaribu kuzitii sura hizo mbili kama zilivyo, bila kuzipunguza makali. Nimemchagua William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu. Watu wake tunawajua kwa sare, bendi na ngoma zao barabarani. Yeye mwenyewe hatumjui sana.

Alizaliwa Nottingham, Uingereza, tarehe 10 Aprili 1829. Baba yake, Samuel, alikuwa mjenzi aliyeutafuta sana utajiri, na biashara ikamwangukia. William alipofika miaka 13 akatolewa shule akapelekwa kujifunza kazi katika duka la rehani. Mwaka huohuo, 1842, baba akafariki. Mama akabaki na kiduka cha sindano, nyuzi na vitu vya watoto kuchezea, katika mtaa wa maskini.

Kwa asiyelijua duka la rehani, ni kama shailoki wa mtaani kwetu, ila huyu ana leseni na kaunta. Unaleta kitu, unapewa pesa, na usipolipa pamoja na riba kitu kinauzwa. Siku hizo mama mwenye nyumba angepeleka suti ya mume Jumatatu ili watoto wale, halafu Jumamosi mume akilipwa wanaikomboa ili aivae Jumapili. Jumatatu inarudi dukani. Nilisomea biashara, na kusema kweli hii ni biashara nzuri kwa mwenye duka. Lakini hebu mfikirie huyo kijana. Kazi yake ni kukadiria thamani ya kile ambacho mtu mwenye shida amekiweka mbele yake, iwe pete ya ndoa, blanketi au vyombo vya fundi. Anaangalia kitu, hamwangalii mtu. Ukianza kumwangalia mtu usoni, duka la rehani litakushinda. Booth aliichukia kazi hiyo, lakini aliifanya miaka mingi, na ndani yake akaijua shida kuliko wahubiri wengi wa wakati wake. Na lile neno letu la kukomboa, ambalo sisi tunalitamka madhabahuni kila Jumapili, yeye aliliona likifanyika kwa risiti na senti.

Aliokoka mwaka 1844, akiwa na miaka 15, kati ya Wamethodisti. Hakungoja kozi. Yeye na vijana wenzake walianza kuhubiri jioni katika mitaa mibovu ya Nottingham, wakisimama juu ya kiti au pipa baada ya saa za kazi. Inasimuliwa kwamba Jumapili moja aliwakusanya vijana wa mtaani, wachafu, wengine hawajawahi kuingia kanisani, akawaingiza kwa mlango wa mbele na kuwakalisha kwenye viti vizuri. Viongozi hawakufurahi. Akaambiwa siku nyingine awapitishe mlango wa nyuma na kuwaweka pale ambapo waumini wa kawaida hawatawaona.

Wacha nikae hapo kidogo. Viongozi wale hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa maombi, waliotoa sadaka, walioimba juu ya neema. Tena hawakuwafukuza wale vijana. Waliwapa nafasi, ila nafasi ya nyuma. Tangu tutangaze ibada ya Ijumaa jioni kule karibu na baa za sokoni, nimeulizwa na washirika kadhaa, kwa heshima kabisa: Pastor, hao watu wakija Jumapili watakaa wapi? Wengine wameniuliza kuhusu watoto wetu, na usalama wa vyombo vya muziki. Ni maswali halali na kamati inayashughulikia. Lakini hilo la watakaa wapi ni swali la Nottingham, na lina miaka karibu 180.

Mwaka 1849 Booth alikwenda London kutafuta maisha, na kazi aliyoipata ilikuwa ileile, duka la rehani. Huko akakutana na Catherine Mumford, binti mgonjwa-mgonjwa lakini mwenye akili kali, na wakaoana Juni 1855. Walijaliwa watoto 8. Mtu akikueleza habari za Booth bila Catherine, amekupa nusu. Mwaka 1859 aliandika kitabu kidogo kutetea haki ya wanawake kuhubiri, na mwaka uliofuata akasimama mbele ya kanisa huko Gateshead akaanza kuhubiri mwenyewe. Akina mama wetu mnaoshika maikrofoni leo, mjue kuna mtu alilipia nafasi hiyo.

Booth alikuwa mchungaji katika tawi moja la Wamethodisti, na mikutano yake ya uamsho ilivuna watu wengi. Viongozi wa dhehebu wakataka atulie katika eneo moja kama wachungaji wengine. Mwaka 1861 akaondoka. Mshahara ukakoma, nyumba ya kanisa ikarudishwa, na watoto walikuwa wadogo. Wenye mahesabu wangesema amekosea. Kwa miaka minne waliishi kwa mialiko ya kuhubiri huku na huku.

Mwaka 1865, mashariki ya London, mtaa wa Whitechapel, wainjilisti fulani walikuwa na mkutano wa nje mbele ya baa iitwayo Blind Beggar. Wakamwomba Booth, aliyekuwa akipita, aseme neno. Walipomsikia, wakamwomba aje ahubiri katika hema yao, iliyosimamishwa kwenye kiwanja cha makaburi ya zamani ya Waquaker. Alianza Julai. Hema haikudumu, ikaharibika, wakahamia ukumbi wa dansi. Usiku wa Jumamosi wacheza dansi wakitoka, wao wanaingia kupanga viti kwa ajili ya Jumapili.

Na hapa ndipo ninapoona moyo wa habari yote. Booth hakupanga kuanzisha kanisa jipya. Mpango wake ulikuwa rahisi: walevi, makahaba na wezi waokoke barabarani, halafu wapelekwe kwenye makanisa yaliyokuwapo, walelewe huko. Mpango huo haukufanya kazi. Wengine waliona aibu kwenda. Waliokwenda, wengi hawakutakiwa. Kwa lugha ya biashara, bidhaa ilikuwepo na wateja walikuwepo, ila hakuna duka lililokubali kuwahudumia. Kwa hiyo akalazimika kuwajengea nyumba mwenyewe, ikaitwa Misheni ya Kikristo. Kwa jinsi ninavyosoma historia hiyo, Jeshi la Wokovu lilizaliwa kwa sababu makanisa yalishindwa kusogeza viti.

Siku hizo Uingereza iliwagawa maskini mafungu mawili: wanaostahili kusaidiwa na wasiostahili. Mjane msafi alistahili. Mlevi hakustahili, kwa maana alijiletea mwenyewe. Mashirika mengi ya msaada yalichunguza kwanza mtu ni wa fungu lipi. Booth aliukataa mgawanyo huo. Mpendwa, tafakari hapo. Ukienda kukopa leo wanaangalia kama jina lako limo CRB, na kama uliwahi kushindwa kulipa unarudishwa mlangoni. Benki ina haki, pesa ni za watu. Lakini neema ikianza kuangalia CRB si neema tena, ni mkopo. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 hakuwa na dhamana yoyote ya kuweka. Alikuwa na hotuba aliyoiandaa tu, na baba yake hakumngoja hata aimalize.

Mwaka 1878 walikuwa wakitayarisha ripoti ya mwaka, na ndani yake Misheni imeitwa jeshi la watu wa kujitolea. Mwanawe Bramwell akalalamika, maana kikosi cha kujitolea cha wakati huo kilichekwa kama askari wa mchezo. Booth akachukua kalamu, akakata neno hilo na kuweka wokovu. Basi likawa Jeshi la Wokovu, na baada ya hapo zikaja sare, bendera, vyeo na bendi. Naye akawa Jenerali.

Wenye mabaa hawakupenda, kwa kuwa mlevi akiokoka mapato yanashuka. Katika miji ya kusini mwa Uingereza vikatokea magenge yaliyojiita Jeshi la Mifupa, yakifuata maandamano kwa matope, mayai viza, panya waliokufa na mawe. Katika mwaka 1882 peke yake watu 669 wa Jeshi la Wokovu walishambuliwa, na zaidi ya theluthi yao walikuwa wanawake. Mara nyingi polisi waliwakamata waliopigwa, kwa kosa la kuzuia barabara.

Mwaka 1890 Booth alitoa kitabu kilichotikisa nchi. Mwaka huo mvumbuzi Stanley alikuwa amechapisha habari za safari yake katika misitu ya Kongo, akiiita Afrika ya giza kuu. Booth akaligeuza jina hilo: akaandika juu ya Uingereza ya giza kuu na njia ya kutoka. Alikadiria watu kama milioni 3, sehemu moja ya kumi ya nchi, wamezama kabisa. Alitoa mfano wa farasi wa teksi za London. Akianguka barabarani, hawaulizi kwanza kama alijikwaa kwa ujinga, wanamwinua. Na akiwa hai ana zizi, chakula na kazi. Booth alitaka binadamu afikie tu kiwango cha farasi. Alikiandika kitabu hicho Catherine akiwa kitandani anakufa kwa saratani. Alifariki tarehe 4 Oktoba, na kitabu kikatoka mwezi huohuo.

Kilikuwa na bajeti, na hapo ndipo nampenda zaidi. Aliomba pauni 100,000 za kuanzia, na zikapatikana. Zikafunguliwa nyumba za kulala, ofisi za kutafutia watu kazi, na shamba huko Hadleigh, Essex. Mwaka 1891 alifungua kiwanda cha viberiti. Viwanda vingine vilitumia fosforasi nyeupe, ambayo ni sumu, na mvuke wake ulikula mifupa ya taya za wafanyakazi. Yeye alitumia nyekundu, iliyo salama, na akalipa mshahara mzuri zaidi. Viberiti vyake vilikuwa ghali, na wanunuzi wengi walikimbilia vya bei rahisi. Kiwanda kilifungwa baada ya miaka 10 hivi, lakini kufikia hapo kampuni kubwa ya viberiti ilikuwa nayo imeiacha ile sumu. Nakiona kama hasara yenye faida.

Wapo waliosema Jenerali anakula pesa. Mwaka 1892 kamati huru ikakagua hesabu, ikaona pesa zimetumika kwa kazi iliyotajwa. Naomba viongozi wenzangu wa idara zote, pamoja na mimi, tusome sentensi hiyo mara mbili.

Simpambi kuwa malaika. Aliongoza kwa amri, hakupenda kupingwa, na watoto wake watatu waliacha Jeshi wakiwa watu wazima, Ballington mwaka 1896, Kate na Herbert mwaka 1902. Aliumia sana, lakini hakulegeza. Pia aliacha ubatizo wa maji na Meza ya Bwana katika ibada zao, jambo ambalo sisi hatukubaliani nalo. Ninavyoona, Mungu alimtumia mtu mgumu kufanya kazi ngumu, na nyumba yake ililipa sehemu ya gharama.

Mwaka 1905 miji ya London na Nottingham ilimpa heshima, na mwaka 1907 chuo kikuu cha Oxford kikampa shahada, huyu kijana aliyetolewa shule akiwa na miaka 13. Macho yalikuwa yameanza kufa. Mei 1912, akiwa na miaka 83, alihutubia umati wa maelfu katika Royal Albert Hall, kisha akafanyiwa upasuaji wa jicho, na hakuona tena. Alifariki tarehe 20 Agosti. Watu 150,000 walipita mbele ya jeneza lake. Ibada ya mazishi ilihudhuriwa na kama watu 40,000, na Malkia Mary alikuja bila kutangazwa, akakaa nyuma katikati ya watu wa kawaida. Wakati huo Jeshi lilikuwa limefika nchi 58.

Kenya haikuwa mojawapo. Kazi hapa ilianza Nairobi mwaka 1921, miaka 9 baada ya yeye kufa. Na ukienda Thika utakuta shule ya wasioona, iliyotokana na kazi ya Jeshi hilo ya mwaka 1946. Idara ya vijana inapanga kwenda kuitembelea. Wanaotaka kwenda waandikishe majina kwa katibu baada ya ibada, na wanaojiunga na timu ya Ijumaa waje saa 10 jioni kwa maombi kabla hatujatoka.